Rogali ya Bimba

Mwanamume wa kwanza kula chakula cha mbwa mbele ya macho ya Bogna Ratajczak alikuwa mrefu, amevaa kofia nyeupe ya mwokaji iliyolala upande mmoja kama kilemba cha mlevi, na alikula bila kukaribishwa.

Ilikuwa Poznań, tarehe kumi na moja Novemba, mtaa wa Mtakatifu Martin. Siku hiyo mji wote humwagika barabarani kumpokea mtakatifu wao wa kuigiza anayepita juu ya farasi mweupe, na kila mdomo unatafuna rogali: mkate mtamu uliopindwa kama kwato ya farasi, uliojaa mbegu nyeupe za mpopi, lozi na zabibu kavu, kisha ukapakwa aisingi, utandu mweupe wa sukari, na kunyunyiziwa karanga za kusagwa. Mkazi wa Poznań aliyepita siku hiyo bila kula rogali huulizwa kama anaumwa.

Bogna alikuwa nyuma ya meza yake ndogo, koti la sufu la rangi ya haradali, skafu nyekundu mpaka puani, pua nayo nyekundu kwa baridi. Rogali zake zilikuwa ndogo, za kahawia, zimepindwa vizuri mno. Yule mwanamume alikuwa akipita mbio na trei tupu kichwani, akasimama, akachukua moja, akaitupia mdomoni.

"Mkate umelainika," alisema huku akitafuna kwa macho yaliyofumbwa, kama jaji. "Mkono wako mzuri. Ila sukari umesahau, dada yangu. Halafu juu hujapaka kitu. Rogali bila aisingi ni sawa na bwana harusi bila suruali."

"Umemaliza?"

"Ngoja niongeze moja nihakikishe."

"Ongeza tu, kaka. Ukimaliza ulale chali nikukune tumbo."

Akafungua macho. Bogna akamwonyesha kwa kidole picha iliyobandikwa mbele ya meza: mbwa amekaa wima, ulimi nje. Taya za mwanamume zikasimama.

"Hii ni ya mbwa?"

"Ya mbwa."

"Kuna nini ndani?"

"Sasa ndiyo unauliza. Malenge, unga wa oti, yai, jibini laini, na tufaha lililotolewa mbegu. Hakuna sukari, hakuna chumvi, hakuna zabibu, hakuna mpopi. Safi kuliko unachokula nyumbani kwako."

"Kwa hiyo sifi."

"Hufi. Utaota manyoya kidogo, basi."

Akameza. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyezoea kuchekwa na ndugu zake, akataja jina lake: Ziemowit Szulc, Ziemek kwa watu wake, wa kule kwa Szulc, nyumba inayooka rogali tangu enzi ya babu wa babu yake. Akanunua mfuko mzima kwa ajili ya Bimba, mbwa wa mama yake. Bimba ni jina ambalo watu wa Poznań huipa tramu, treni ndogo ya barabarani, na mbwa yule alikuwa amelipata kihalali: mrefu, mfupi wa miguu, na hasimami mahali pasipo kituo.

Kesho yake simu ikalia.

"Bimba anakusalimu. Anasema chakula cha nyumbani kwetu hakitaki tena, anataka kuhamia kwako."

"Mwambie nyumba yangu ndogo."

"Na mimi je? Mimi nalala popote, hata mlangoni."

"Wewe una chanjo?"

Mambo yakaanza hivyo. Majira ya baridi yote walizunguka ziwa la Rusałka, Ziemek na kofia ya sufu aliyofumiwa na mama yake, Bogna na skafu yake, Bimba katikati akiwavuta kama ana haraka ya kuwaoza. Ziemek alimfundisha kukunja mkate. Bogna naye alimfundisha kile ambacho mbwa hapaswi kukionja: chokoleti, vitunguu, zabibu. Hapo kwenye zabibu akasimama njiani. Aliwahi kuwa na mbwa wake, Pyza, mnene, maskini, aliyelala miguuni pake wakati wa miaka ambayo Bogna hakuwa na mtu mwingine wa kulala miguuni pake. Pasaka moja alimpa kipande cha keki ya sikukuu, kikubwa, chenye zabibu tele, kwa sababu alimpenda. Figo za Pyza hazikuona Jumapili iliyofuata.

"Nilimlisha kwa mkono wangu," alimwambia Ziemek. "Alikuwa ananiangalia kwa shukrani."

Ziemek alivua glavu yake moja, akamvalisha. Ni hapo Bogna alipompenda kabisa, ingawa alikuja kumwambia ni kwa ajili ya mikate.

Aliyekuwa hajapendezwa ni Bi Urszula, mama mtu. Mjane, mgongo ulionyooka, kofia ya kitambaa kizito yenye pini ya fedha, ndiye aliyekuwa akisimama kaunta ya Szulc miaka yote na kujua jina la kila mteja.

"Msichana mzuri," alimwambia mwanawe, Bogna akisikia, maana Bi Urszula hakuamini katika kunong'ona. "Ila anaokea mbwa. Nyie mnaona sawa?"

"Mama, Bimba anazipenda."

"Bimba anapenda soksi zako pia."

Hata hivyo Novemba iliyofuata alikubali. Rogali za mbwa zikaokwa kwenye tanuri la Szulc, kona yake, trei zake, bakuli zake, visigusane na zabibu hata kidogo. Bogna aliamka gizani, akaoka, akapakia za kwake akaenda kuzipanga karibu na jukwaa la sherehe, mbele ya ngome ya zamani ya mji. Trei moja akaiacha ipoe dukani ili ipelekwe baadaye. Ziemek alimsindikiza mpaka mlangoni, akamfunga aproni mpya aliyomshonea jina la Szulc kifuani.

"Leo jioni usipange kitu," alisema.

"Kwa nini?"

"Nimesema usipange. We mwanamke una maswali."

Bogna akaondoka anatabasamu ndani ya skafu. Mwanamke hahitaji kuambiwa zaidi ya hapo. Alikwishaona jinsi Ziemek alivyokuwa akishikashika mfuko wa koti kama mtu aliyeficha yai.

Mchana umati ukafurika. Ngoma na tarumbeta, watoto mabegani, harufu ya siagi na farasi. Bogna alikuwa akimfungia bibi mmoja rogali za mbwa wake watatu simu ilipolia.

"Umeweka nini ndani?" Ilikuwa sauti ya Ziemek, lakini ilikuwa imevuliwa utani wote.

"Ndani ya nini?"

"Rogali, Bogna. Bimba amekula rogali yako, sasa hivi anayumba. Ametapika. Miguu ya nyuma haimshiki. Umeweka nini?"

Tarumbeta zilikuwa zinalia, lakini Bogna alisikia kila herufi. "Ziemek, unaniuliza mimi?"

"Nimuulize nani? Wewe ndiye uliyeoka. Labda umechanganya bakuli. Ulikuwa na usingizi, inawezekana."

Yapo matusi ambayo mtu huyacheka na kuyasahau. Hili halikuwa tusi, ndiyo maana liliingia mpaka ndani. Mtu aliyejua habari za Pyza, aliyemvalisha glavu, ndiye huyu anayeuliza. Bogna alihisi baridi ikiingia kupitia mahali ambapo hakuna tundu.

"Mko wapi?"

"Kwenye meza ya duka, mtaani."

Alikata simu. Akafungua aproni yenye jina la Szulc, akaiacha juu ya meza, akamwomba yule bibi amtazamie vitu vyake, akaingia kwenye umati kwa mabega.

Aliwakuta wamezungukwa na watu. Bimba alikuwa amelala juu ya koti la Ziemek, macho yamelegea, mwili unatetemeka. Bi Urszula alikuwa amepiga magoti kwenye mawe ya barabara, kofia imemwangukia kisogoni. Ziemek aliinua uso, Bogna hakumtazama. Alishika ufizi wa mbwa, akaukuta mweupe. Ndipo akaona kwenye sharubu za Bimba kitu kinachong'aa. Akagusa kwa kidole. Kilinata.

"Hii nini?"

Mezani kulikuwa na nusu ya rogali yake, ndogo, ya kahawia, imepakwa aisingi nyeupe, nene, safi, kazi ya mkono wa mtaalamu.

"Nani amepaka hii?"

"Mimi," alisema Bi Urszula. "Zilikuwa uchi. Miaka yote kwa Szulc hakijatoka kitu uchi siku ya Martin, hata cha mbwa."

"Sukari gani, mama?"

"Usiwe na wasiwasi, mimi si mjinga. Bimba mnene, sukari ya kawaida haimfai. Nimesaga ile yangu ya mbetula, aliyonishauri daktari kwa ajili ya kisukari. Ile nzuri. Inatoka kwenye mti."

Kila jiko la Poznań lina mfuko wa sukari ya mbetula, ambayo madaktari huiita xylitol; wazee huitia kwenye chai na kujisifu nayo. Haimdhuru binadamu. Mbwa ikimwingia, sukari ya damu yake huporomoka kama fundi aliyeondolewa ngazi chini yake, na ini lake linaweza kufuata. Bogna alikuwa ameongea juu ya zabibu, chokoleti, vitunguu, mpaka watu wakamchoka. Sukari ya mbetula alimtajia Ziemek. Bi Urszula hakumtajia, kwa sababu nani angedhani?

"Ziemek, mchukue, kimbia kwa daktari wa wanyama. Mwambie ni sukari ya mbetula, neno hilohilo. Atamtapisha yeye mwenyewe, atampa glukosi. Usimpe kitu kingine njiani."

"Bogna, mimi…"

"Kimbia."

Akakimbia, mbwa kifuani ndani ya koti, kofia nyeupe ikidondoka nyuma yake na kukanyagwa.

Bogna akageukia meza. Trei ile aliyoiacha ipoe dukani ilikuwa hapo, tupu.

"Mama. Nyingine ziko wapi?"

Bi Urszula aliangalia trei kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Rangi ikamtoka usoni kuanzia paji mpaka kidevu. "Nimegawa," alisema polepole. "Kila mteja aliyekuja na mbwa. Zawadi ya duka. Nilitaka waone kuwa na za kwako pia ni nzuri."

Kuna mshtuko unaokufanya upige kelele, na kuna ule unaokufanya uwe mtulivu kama maji kwenye beseni. Bogna alipata wa pili. Alitazama mtaa: vichwa, kofia, puto, na chini ya vichwa hivyo, mahali fulani, mbwa wakilamba sharubu zao. Akamshika Bi Urszula mkono, akamburuta kuelekea jukwaani.

Mtakatifu alikuwa ndiyo kwanza amewasili, juu ya farasi wake, vazi jekundu likipepea, na mtangazaji akianza kumkaribisha. Bogna alipanda ngazi za jukwaa. Mlinzi alimshika bega. Akamwambia kitu sikioni, na mlinzi, aliyekuwa na mbwa nyumbani, akamwachia. Akachukua kipaza sauti kutoka mkononi mwa mtangazaji kama mtu anayechukua kijiko kwa mtoto.

"Samahani," alisema, na sauti yake ikatoka kwenye vipaza sauti vya mtaa mzima. "Naitwa Bogna Ratajczak. Naoka rogali za mbwa. Leo kwenye meza ya Szulc mmepewa rogali ndogo zenye aisingi nyeupe. Zimetoka kwenye mikono yangu. Zina sumu kwa mbwa. Kama mbwa wako hajala, itupe. Kama amekula, usingoje aonyeshe dalili, mpeleke kwa daktari sasa hivi, umwambie sukari ya mbetula. Watu wakila hazina neno. Mbwa wanaweza kufa."

Kilichosikika ni kwato za farasi tu. Halafu uvumi ukaanza kupanda kutoka chini, na Bogna akausikia wote.

"Kawapa sumu mbwa."

"Si yule mwenye meza pale? Mimi nimenunua kwake asubuhi."

"Mwanamke hana haya, na anasimama kusema."

Watu walikuwa wakikimbia huku wamebeba mbwa mikononi. Mwanamke mmoja alimtemea mate kwenye ngazi. Bogna alibaki amesimama. Angeweza kusema ni nani aliyepaka aisingi. Alimtazama Bi Urszula pale chini, kofia kisogoni, akitetemeka kama Bimba, na hakumtaja. Alijua jina lake limeisha mtaani. Mwakani hakutakuwa na meza. Hata mwaka wa baadaye.

Alikuwa anarudisha kipaza sauti ndipo mkono wenye mishipa ukakidaka.

"Mnanijua," alisema Bi Urszula. Hakuhitaji kupandisha sauti. Alikuwa ameongea na wateja maisha yake yote. "Urszula Szulc. Binti huyu ameoka mkate safi, na alituambia tusiupake kitu. Aisingi nimeipaka mimi, usiku wa manane wa akili yangu, mchana kweupe. Kwa kiburi tu. Niliona aibu mkate wa nyumba yangu kutoka bila aisingi. Yeye amesema ni mikono yake ili msipoteze muda kuuliza. Sasa mmeuliza. Pelekeni mbwa, halafu mje dukani mnitukane mimi."

Mtakatifu Martin, kijana wa kikundi cha maigizo, aliyekuwa amefundishwa maneno ya kila hali isipokuwa hii, alivua kofia yake ya chuma.

Ukumbi wa kusubiria wa daktari wa wanyama ulijaa mbwa wa kila umbo, wenye dripu miguuni, wamelala mapajani mwa watu waliovaa nguo za sikukuu. Daktari na wasaidizi wake walipita wakiruka mikia. Wengi walikuwa wamefika mapema. Wengi, alisema daktari bila kupunguza mwendo, wangelala kwao usiku huo. Bimba alikuwa wa kwanza kula na ndiye mwenye hali mbaya zaidi. Alikuwa ndani, nyuma ya mlango uliofungwa.

Ziemek alikuwa sakafuni. Kwa saa zote hizo alikuwa akishika mbwa wa watu wakitapishwa, na aproni yake nyeupe ilieleza habari yote. Bogna alipoingia na Bi Urszula, jibwa moja lenye sura ya mchungaji wa kanisa lilimlamba Bi Urszula mkono kana kwamba hajafanya kitu.

Bi Urszula alikaa kwenye kiti ambacho mtu alimpisha. Hakumpisha kwa huruma. Alimpisha kwa hasira, lakini alimpisha. Akamvuta Bogna mkono.

"Mwanangu, nilidhani unamnyima Bimba," alisema. "Nilidhani una mkono mzito. Mtu anayempenda mbwa anampaje kitu kisicho na utamu?"

"Najua, mama." Na alijua kweli, hata yeye alikwishawahi kukata kipande kikubwa kwa mapenzi. Hakulisema. Aliifunga ile pini ya fedha vizuri kwenye kofia ya mzee.

Ziemek alikuwa anatazama. Akaanza kujiinua, mkono ukiwa mfukoni mwa koti.

"Ukithubutu kupiga goti humu," alisema Bogna, "nitakutapisha na wewe."

"Sipigi goti. Nimekaa chini kabisa." Akarudi chini. Mbwa mdogo mweupe alipanda mapajani mwake. "Bogna, nimeongea vibaya."

"Umeongea vizuri tu. Maneno yote yalikuwa wazi."

"Nilimwona anayumba, nikamtafuta wa kumlaumu, ukawa karibu."

"Nilikuwa mbali, Ziemek. Ilibidi unipigie simu."

Mwenye mbwa mweupe alikohoa na kuangalia dari. Hata mbwa walionekana kusikiliza.

"Nilikuambia habari za Pyza ili uzibebe pamoja nami," alisema Bogna, "siyo uje unipige nazo. Uliniuliza nimeweka nini. Hukuniuliza kitu kingine chochote."

Ziemek akasema, taratibu, bila utani: "Umeshindaje leo, Bogna?"

Ndipo Bogna akalia. Tangu asubuhi hakuwa ametoa chozi. Aliketi sakafuni kando yake, kwenye harufu ile mbaya, akamweleza yote: jukwaa, kimya, yule mwanamke na mate yake, jinsi alivyokuwa na hakika kwamba mbwa wote watakufa, na jinsi alivyomchukia yeye Ziemek kuliko mtu yeyote duniani kwa kipande kizima cha mtaa. Ziemek hakumkatiza hata mara moja. Alikuwa na mkono nje ya mfuko sasa, na kijiboksi kidogo cha pete kiganjani, kimepata doa la kitu ambacho hakuna aliyetaka kukijua.

"Nilitaka nikuulize jioni, kwa mishumaa," alisema Ziemek baada ya Bogna kumaliza. "Mama alikuwa ameandaa bata."

"Uliza sasa."

"Hapa?"

"Jioni naweza nikawa nimebadilisha mawazo."

Akauliza. Bogna akasema ndiyo, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekubali kikombe cha chai, na walioshtuka walikuwa wengine: mwenye mbwa mweupe akapiga makofi akajikuta peke yake, jibwa la kichungaji likabweka, na Bi Urszula akasema, "Katika hali hii? Na nguo hizo?" halafu akaanza kutafuta leso.

Mlango wa ndani ukafunguliwa. Daktari alisimama pale, glavu mkononi, uso wa mtu ambaye hajaamua aufanye nini. Akatazama orodha yake.

"Nani mwenye Bimba?"

Wote watatu wakasimama. Nyuma ya miguu ya daktari, akiburuta bandeji, mrefu, mfupi wa miguu, mnyonge na mwenye njaa, tramu ilikuwa inaingia kituoni.